Asilimia 35 ya nani? Tuzielewe takwimu za kisukari na macho

Wiki iliyopita kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu iliingia meseji ya kusambazwa, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba asilimia 35 ya watu wenye kisukari wanapofuka, na chini yake kuna picha ya jicho jekundu limevimba, picha ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa wenyewe. Dakika kumi hazijaisha simu inaita, mama mdogo wangu wa Mbagala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba juu juu, akaenda moja kwa moja kwenye kilichomfanya apige: "Mwanangu, pale kliniki siku ya sukari tunajaa kwenye mabenchi hata mia tunafika, sasa hii ina maana thelathini na tano kati yetu tunaenda kuwa vipofu? Na mimi nimo?"

Mama mdogo ana sukari mwaka wa tisa huu. Presha nayo anayo. Asubuhi anauza chapati na maharage, jioni anakaa barazani na ungo anachambua mchele wa siku ya pili, anatoa chuya na vijiwe kimoja kimoja kwa vidole, na mwenyewe anasema mchele ukichambuliwa na mtu mwingine haumkai moyoni. Macho ndo mtaji wake. Kwahiyo swali lake sikutaka kulijibu kwa kumtuliza tu.

Mimi sio daktari, kazi yangu ni takwimu, kutwa nzima nipo na majedwali ya data, basi nikakaa na tafiti za huu ugonjwa nikazisoma kwa ajili yake. Nilichokuta ni kwamba namba nyingi zinazozunguka mitandaoni kuhusu sukari na macho ni za kweli kabisa, shida ni kwamba zimekatwa kichwa, zinatembea hazisemi ni asilimia ya nani, walipimwa wapi, walikutwa na nini hasa. Ukizirudishia kichwa zinasema jambo lingine.

Tuanze na hiyo 35. Haikutoka hewani. Mwaka 2012 ulitoka uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti 35 za nchi mbalimbali, ndani yake watu karibu 23,000 wenye kisukari, na jibu lake lilikuwa kwamba asilimia 34.6 wana dalili yoyote ya ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho, unaoletwa na kisukari, ule madaktari wanaouita retinopathi. Neno la kushika hapo ni "yoyote". Mtu mwenye kidoa kimoja cha damu kidogo kuliko ncha ya sindano yumo, na mtu ambaye jicho limejaa damu yumo, wote wamehesabiwa sawa. Uchambuzi huohuo ukasema waliofikia hatua ya kutishia kuona ni asilimia 10.2. Sasa njoo kwenye upofu wenyewe: mwaka 2020 ilikadiriwa watu wazima kama milioni 103 duniani wana ugonjwa huu wa retina, na waliopofuka kwa sababu yake ni kama milioni 1. Yaani katika kila watu mia wenye tatizo hili, aliyepofuka kabisa ni kama mmoja.

Ndo maana nasema ile meseji ilichukua namba ya kweli ikaibandika kwenye sentensi ya uongo. "Asilimia 35 wana dalili" na "asilimia 35 wanapofuka" zinatofautiana kwa umbali wa Mbagala na Mwanza.

Ila na mimi nisikupe faraja ya bei rahisi. Huyo mmoja katika mia ni wastani wa dunia nzima, wamo humo watu wa nchi ambazo mtu akiitwa kupimwa macho kila mwaka anaitwa kwa barua nyumbani na mashine ya leza ya kutibu jicho ipo hospitali ya jirani. Halafu mbali na hao milioni 1 kuna wengine zaidi ya milioni 3 ambao hawajapofuka lakini kuona kwao kumeharibika kiasi cha kati au vibaya zaidi, mtu hasomi, hatambui sura ya mjukuu ng'ambo ya barabara, na kwenye hesabu ya vipofu hayumo. Mchambua mchele hahitaji kupofuka ndo apoteze kazi yake.

Sasa nieleze kinachotokea jichoni, maana bila hicho takwimu hazishiki. Retina ni utando mwembamba sana ulioko ukuta wa nyuma wa jicho, ndo unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo, na unalishwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inachosha kuta za hiyo mishipa. Mwanzo inatokea vivimbe vidogo na vidoa vya damu, hiyo ni hatua ya awali. Halafu mishipa mingine inaziba, sehemu za retina zinakosa damu. Zikikosa damu kwa muda jicho linajitetea kwa kuotesha mishipa mipya, na hapo ndo balaa lilipo kwa sababu hiyo mipya ni dhaifu, inapasuka, inamwaga damu ndani ya jicho, au inajikunja na kuivuta retina mpaka inabanduka. Pembeni ya hatua hizo kuna tatizo jingine linaloweza kuingia hatua yoyote ile, maji kuvuja na kuvimbisha makula, kile kisehemu cha katikati cha retina unachotumia kutunga uzi kwenye sindano.

Katika yote hayo, mpaka yamefika mbali, mtu haumwi. Jicho haliwashi wala haliwi jekundu, na ubao wa kusoma herufi unausoma vizuri. Hili nililiona kwa macho yangu, maana baada ya ile simu nilimpeleka mama mdogo hospitali kwenye kliniki ya macho. Miaka tisa yote anahudhuria kliniki ya sukari anapimwa kidole, anapimwa presha, anapewa dawa anarudi nyumbani, hajawahi kutiwa matone ya kupanua mboni hata siku moja. Akasimamishwa mbele ya ubao wa herufi, akafunika jicho moja kwa kiganja, akateremka mstari kwa mstari mpaka karibu na ule wa chini, kisha akanigeukia na tabasamu: "Si unaona, macho yangu mazima."

Nesi akamtia matone, akalalamika yanachonyota, tukakaa kwenye benchi kama nusu saa mboni zikatanuka mpaka macho yake yakawa meusi matupu. Daktari akamwangalia na taa na lenzi, akamwambia tazama juu, tazama sikio langu, tazama chini, kimya muda mrefu. Jicho la kushoto safi. La kulia vidoa vitatu, viko pembeni, makula haijaguswa. Hatua ya awali.

Kwahiyo jibu la swali lake la kwanza likawa hili: ndiyo mama mdogo, kwenye ile asilimia 35 na wewe umo, na huoni tofauti yoyote. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo nilitamani kila mtu aliulize, "Sasa kama nisingekuja leo ningejuaje?" Asingejua. Ubao wa herufi unapima makula kama inafanya kazi, haupimi mishipa ya pembeni inafanya nini, ndo maana mtu anaweza kuwa na mishipa mipya imeshaota na bado akasoma mstari wa chini kabisa.

Turudi kwenye namba, maana ukitafuta takwimu za Afrika utachanganyikiwa haraka. Uchambuzi mwingine wa dunia uliotoka mwaka 2021 unasema wastani ni asilimia 22.27, sio 34.6. Huohuo ukasema Afrika ndo inaongoza, asilimia 35.9. Kwetu Tanzania, kule Kilimanjaro, mpango wa uchunguzi wa macho kwa wenye kisukari uliangalia watu 3,187 kati ya mwaka 2010 na 2014 ukakuta asilimia 27.9 wana dalili yoyote, ila waliofikia hatua ya mishipa mipya asilimia 2.9 tu, wakati tatizo la makula lilikuwepo kwa asilimia 16.1. Jirani zetu wa Malawi, utafiti wa kliniki za Blantyre na Zomba, asilimia 50.1 wana dalili na asilimia 29.4 wako hatua ya kutishia kuona. Mtu akisoma hapo anasema basi Wamalawi macho yao mabovu kuliko yetu, au anasema hawa watafiti hawajui wanachofanya.

Wote wanajua. Tofauti kubwa ni nani alikuwa kwenye benchi siku ya kupima. Chukulia unataka kujua watu wa Dar wana mafua kiasi gani, ukahesabu ndani ya daladala ya Gongo la Mboto utapata namba moja, ukahesabu kwenye foleni ya zahanati utapata nyingine kubwa zaidi, na hakuna aliyekudanganya. Kliniki za hospitali kubwa zinakusanya watu ambao wameumwa muda mrefu, sukari imeshindikana kwingine, wengine wanakuja kwa rufaa, kwahiyo asilimia yao itapanda. Kule Kilimanjaro kamera ilizungushwa kwenye kliniki mbalimbali za wilaya ili kuwafikia wengi, wakaingia na ambao ugonjwa bado mchanga. Na zile namba mbili za dunia zimechanganya tafiti tofauti, za miaka tofauti, za watu tofauti. Kwahiyo ukikutana na asilimia ya ugonjwa huu, kabla hujaogopa uliza hao mia wa kugawia ni akina nani.

Kuna kundi ambalo halimo kwenye benchi lolote na ndo linanikosesha raha kuliko yote, nao ni watu wenye kisukari ambao hawajui kama wanacho. Barani Afrika wanakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya wote wenye ugonjwa. Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa sana wa kisukari cha ukubwani ulioanza mwaka 1977, wale wagonjwa walipigwa picha za retina wakati ndo kwanza wameambiwa wana kisukari, na ikakutwa wanaume asilimia 39 na wanawake asilimia 35 tayari wana dalili kwenye jicho angalau moja. Fikiria hapo, mtu anaambiwa "una sukari" wiki hii na jicho lilishaanza zamani. Watafiti wa Marekani waliwahi kupiga hesabu ya kurudi nyuma kutokana na dalili za macho kama hizo wakakadiria kisukari cha ukubwani huanza angalau miaka 4 mpaka 7 kabla mtu hajagundulika. Kwahiyo mama mdogo anaposema mwaka wa tisa anahesabu toka siku alipopewa karatasi, retina yake inahesabu toka zamani zaidi. Ndo sababu mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa kupimwa macho pale pale anapogundulika, asisubiri miaka ipite, tofauti na mtoto mwenye kisukari cha utotoni ambaye mwanzo wake unajulikana na anaweza kuanza baada ya miaka michache.

Hapa Dar hilo lina uzito wake. Katikati ya miaka ya 1990 walipima watu wa Ilala wakalinganisha na kijiji cha Shari kule Kilimanjaro, Ilala kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, Shari 1.7 na 1.1. Mjini mara tatu na zaidi. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulipata asilimia 9.1 nchi nzima. Usichore mstari kutoka namba ya Ilala mpaka hiyo ya taifa ukasema kimepanda kwa kiasi fulani, umri na njia za kupima zilikuwa tofauti, lakini mwelekeo kila anayekaa kwenye kliniki anauona.

Sasa vitu vinavyoongeza hatari. Kinachotangulia kwenye kila utafiti ni muda wa kuishi na kisukari. Kule Wisconsin, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwapima maelfu ya wagonjwa, na kwa waliopata kisukari wakiwa watu wazima ilikuwa hivi: chini ya miaka 5 ya ugonjwa asilimia 28.8 wana dalili, miaka 15 na kuendelea asilimia 77.8. Ile hatua ya mishipa mipya ikatoka asilimia 2 mpaka 15.5. Ukiwaambia watu namba hiyo wanakata tamaa, wanasema kumbe ni kusubiri tu zamu yako. Ila muda wenyewe hauli retina, kinachokula ni sukari ya juu iliyozidishwa na muda, na hapo kwenye kuzidisha ndo mtu ana nafasi yake. Kwenye uchambuzi ule wa 2012, wenye HbA1c ya 7 kushuka chini, hicho ni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, walikuwa na dalili kama 18 katika 100, na waliozidi 9 walikuwa kama 51 katika 100.

Hizo bado ni namba za kuangalia tu, na kuangalia peke yake kunaweza kukudanganya. Mfano mzuri ni insulini. Karibu kila utafiti wa kuhesabu utakuta wanaochoma insulini wana ugonjwa mwingi wa macho kuliko wanaokunywa vidonge, na mtaani hiyo imeshageuka kuwa msemo, ukianza sindano ujue macho yanaondoka. Nimewajua watu waliokataa insulini kwa sababu hiyo na inaniuma mpaka leo. Mtu anaanzishiwa insulini lini? Mara nyingi ugonjwa ukishakaa miaka mingi, vidonge vimeshindwa, sukari imekuwa juu muda mrefu, yaani jicho lilishaliwa kabla sindano haijafika. Ni sawa na kusema wazima moto wanaleta moto kwa sababu kila nyumba inayoungua unawakuta.

Njia ya kujua ukweli ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu. Hilo lilifanyika Marekani na Canada kuanzia mwaka 1983, watu 1,441 wenye kisukari cha utotoni, wote wanatumia insulini, kundi moja matibabu ya kawaida ya wakati ule na kundi jingine insulini ya kuibana sukari ishuke sana, sindano tatu au zaidi kwa siku au pampu. Matokeo yakatoka mwaka 1993: kwa walioanza wakiwa na macho safi, waliobanwa walipata ugonjwa wa retina pungufu kwa asilimia 76. Kwahiyo insulini nyingi zaidi, macho salama zaidi.

Hiyo asilimia 76 nayo ina kichwa chake. Ukiitoa kwenye asilimia, kundi la kawaida walioanza kuharibika ni 4.7 katika kila watu 100 kwa mwaka, kundi la kubana 1.2. Tofauti ni watu kama 3 na nusu katika 100 kila mwaka. Namba ni ileile, ukiisema kwa njia moja mtu anadhani ni muujiza, ukiisema kwa nyingine anadhani haina maana. Mimi napenda ya pili kwa sababu unaweza kuiona kwenye benchi: watu mia, mwaka mmoja, watatu wanne wanaokoka, mwaka unaofuata wengine tena, na ugonjwa huu mtu anaishi nao miaka ishirini au thelathini. Kwenye ule wa Uingereza wa kisukari cha ukubwani HbA1c ya kundi la kawaida ilikuwa 7.9 na ya kundi la kubana 7.0, madhara ya mishipa midogo yakapungua kwa asilimia 25, ambayo ni kutoka 11.4 mpaka 8.6 katika kila watu 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya waliopona hapo ni watu ambao macho yao hayakufika kuhitaji leza.

Kuna onyo kutoka ule utafiti wa Marekani na Canada ambalo watu hawaambiwi. Mwaka wa kwanza wa kubana sukari, asilimia 13.1 ya waliobanwa macho yalizidi kuwa mabaya kwanza, dhidi ya asilimia 7.6 kwenye kundi jingine, kisha baadaye wakawa bora zaidi. Kwahiyo kama sukari yako imekuwa juu sana miaka mingi na sasa umeamua kuishusha kwa nguvu, hongera, ila jicho liangaliwe kwanza na daktari ajue.

Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Utafiti ulipoisha wale wa makundi mawili sukari zao zikakaribiana, wote wakawa kwenye HbA1c ya kama 8. Ungetegemea macho nayo yakaribiane. Hayakukaribiana. Miaka baadaye waliobanwa zamani bado walikuwa wanalindwa, kana kwamba mishipa ina kumbukumbu. Miaka mizuri ya sukari inawekwa kama akiba. Sasa linganisha na presha: kule Uingereza waligawa watu 1,148 wenye kisukari na presha, kundi moja wakafika wastani wa 144/82 na jingine 154/87, na kwa tofauti hiyo ya pointi kumi tu za juu, kuharibika kwa retina kukapungua kwa asilimia 34 na kupoteza mistari mitatu ya ubao wa kusoma kukapungua kwa asilimia 47. Ila utafiti ulipoisha na presha za makundi zikawa sawa, faida haikudumu. Presha haina akiba. Ukiacha vidonge mwezi huu kwa sababu unajisikia vizuri, ulivyokuwa unavinywa mwaka jana havitakusaidia.

Nilimweleza mama mdogo hili kwenye daladala tukirudi, kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi kwa sababu jua lilikuwa linamuumiza na yale matone, na nilimwona amelielewa hili la presha kuliko mengine yote. Huwa anaruka vidonge vya presha akiwa na safari, kwa sababu vinampeleka chooni sana. Aliniambia mwenyewe, sikumuuliza.

Mengine nitayapitia haraka: figo zikianza kushindwa macho huwa yanafuata, mafuta mengi kwenye damu yanachangia hasa upande wa makula, na ujauzito kwa mwanamke ambaye tayari ana kisukari unaweza kuuharakisha ugonjwa, kwahiyo apimwe macho mapema kwenye mimba. Hata ukiyaweka yote pamoja hayaelezi kila kitu. Kwenye ule utafiti wa Marekani na Canada, sukari na muda wa ugonjwa kwa pamoja vilieleza kama asilimia 11 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Ndo maana utamkuta mzee anakunywa soda miaka ishirini na macho yake safi, na dada anayejitunza kwelikweli akapata vidoa. Takwimu za hatari zinasema kuhusu benchi zima, hazimwambii aliyekaa wa tatu kutoka mlangoni litakalompata, na kwa sababu hazimwambii, hana njia ya kujua zaidi ya kuangaliwa.

Na kuangaliwa kunafanya kazi. England walianzisha mpango wa taifa wa kupiga picha retina za wenye kisukari mwaka 2003, na ilipofika 2010 ugonjwa huu haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi England na Wales, mara ya kwanza kwa angalau miaka 50. Sukari haikuisha kule, wagonjwa waliongezeka. Leza yenyewe ni ya zamani, tafiti za miaka ya 1970 zilishaonyesha inapunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu na zaidi kwa waliofika hatua ya mishipa mipya, na siku hizi kuna sindano za jichoni ambazo kwa makula iliyovimba zinaweza hata kurudisha sehemu ya kuona kulikopotea. Leza hairudishi, inazuia kisizidi, kwahiyo siku unayofika ina maana kubwa. Hapa mjini huduma za macho zipo hospitali za Muhimbili na CCBRT, kaskazini ipo hospitali ya KCMC, tatizo ni kwamba mtu hapelekwi huko mpaka aseme haoni vizuri.

Ndo maana ukienda kliniki ya sukari usikubali kuulizwa tu "macho vipi, unaona?" ukajibu ndiyo ikaisha. Omba kuandikiwa rufaa ya matone au picha ya retina. Ukishapimwa omba waandike kwenye kadi jicho la kulia hatua gani, la kushoto hatua gani, makula iko vipi, na lini urudi, sio neno "macho" na alama ya vema. Mwakani daktari mwingine atahitaji kitu cha kulinganisha.

Ya mama mdogo imeandikwa: kulia hatua ya awali, kushoto hakuna, makula safi pande zote, arudi baada ya miezi kumi na mbili. Ameiweka kwenye ile pochi anayowekea hela za maharage. Tulifika Mbagala saa kumi, matone bado hayajaisha, akachukua ungo akajaribu, akaurudisha chini maana punje zilikuwa ukungu mtupu. Mchele wa siku ile niliuchambua mimi, yeye amekaa pembeni ananielekeza nisiache vijiwe, na ilipofika magharibi akaunyang'anya ungo akaanza upya.